Mtu aliyetembea kando ya gurudumu la mwisho

Msomaji mmoja wa Katuba, hapa hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi:

"Jambo Mzee. Baba yetu ametutoka mwaka huu, akatuachia picha moja tu ya kazi yake. Nyuma imeandikwa 1984. Kuna kamioni mbele, kamioni nyingine nyuma, na katikati chuma kikubwa kama nyumba, juu ya matairi mengi mno. Sisi watoto tumekua tukijua baba alikuwa shofere wa mizigo mizito. Lakini kwenye picha hayuko kwenye usukani. Yuko chini, kando ya gurudumu la mwisho, ameshika kipande cha gogo. Mjomba anasema baba hakuwa shofere, alikuwa kibarua wa kubeba mbao. Naomba unieleze ukweli: alikuwa anafanya nini pale chini?"

Jambo mwanangu, na poleni sana na msiba.

Baba yako alikuwa ameshika kabari. Sisi wa barabarani tuliiita 'kale', kwa Kifaransa cha wakubwa wa shantie, yaani wa mahali pa kazi. Ni kipande cha mti kilichochongwa upande mmoja kikawa chembamba, cha kutiwa chini ya gurudumu ili lisirudi nyuma. Mjomba wako hajadanganya, mtu wa kabari alibeba mbao kweli. Ila ameziona mbao tu, hajauona mzigo uliokuwa juu yake. Mimi nimekuwa boi-shofere, yaani msaidizi wa shofere, nikawa shofere, mwisho nikawa mkuu wa msafara, na nakuambia kwa moyo wangu wote: mashofere niliwachagua kwa siku moja, lakini watu wa kabari niliwachagua kwa wiki nzima.

Kwa nini nilifanya hivyo, itabidi nianzie mbali kidogo.

Tuanze na hicho chuma. Itazame picha tena. Kama kina kona nne na ubavuni kina mbavu za chuma zilizosimama wima, ni transfoma. Kama ni cha mviringo, mfano wa pipa lililolazwa, ni ngoma ya kinu cha kusagia mawe ya shaba. Kwa mwaka 1984 mimi nadhani ni transfoma. Laini ya umeme ya kutoka bwawa la Inga, kwenye mto Kongo, hadi Kolwezi, yenye urefu wa kama kilomita 1,700, ilikamilika mwaka 1982, na miaka ile vyombo vya umeme vilipita sana mikononi mwetu.

Mji wetu ulizaliwa na reli. Treni ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910, na tangu hapo vyombo vizito vya kampuni ya migodi, Union Minière, na baadaye Gécamines, vilizoea kuja kwa behewa. Lakini behewa lina mipaka yake. Kitu kikizidi upana, kinagonga nguzo za madaraja na kingo za stesheni. Tena reli haifiki kila mahali. Kutoka stesheni hadi mdomoni mwa shimo, au hadi kituo cha umeme kilichojengwa katikati ya miombo, hapo ndipo kazi ilipokuwa yetu. Na njia zenyewe za kuingilia Katanga, wakati ule ikiitwa Shaba, zilikuwa zikifungwa na kufunguliwa na siasa. Mpaka wa Zambia na Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ulifungwa mwaka 1973, treni zikapita tena mwaka 1978. Reli ya Benguela, iliyotupeleka bandari ya Lobito, ilikatika mwaka 1975 kwa vita ya Angola. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilipokabidhiwa mwaka 1976, mizigo ikaweza kushuka Dar es Salaam na kufika kwa reli hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Kwa hiyo chuma kama hicho cha kwenye picha kiliweza kukaa njiani miezi na miezi, kikishushwa huku na kupakiwa kule, na kila kilipohamishwa kulikuwa na watu chini yake wakiwa na kriki, yaani jeki za kuinulia, mataruma ya reli na grisi.

Nikitaja Katanga na mizigo isiyo ya kawaida, siwezi kuruka habari ya mwaka 1915, maana wazee waliotufundisha kazi walikuwa wakitusimulia usiku tukilala kando ya barabara, na imeandikwa pia katika historia ya ile vita ya kwanza ya dunia. Waingereza walileta boti mbili za vita zilizoitwa 'Mimi' na 'Toutou', kila moja ikiwa na urefu wa futi 40, yaani kama mita 12. Zilitoka Cape Town kwa treni hadi Fungurume. Kutoka pale hadi Sankisia ilikuwa pori na milima ya Mitumba. Zikavutwa juu ya magurudumu kwa matrekta mawili ya mvuke, kwa maksai, na kwa mikono ya mamia ya watu waliofyeka miti na kujenga madaraja zaidi ya mia moja. Waliondoka Fungurume katikati ya Agosti, wakafika Sankisia mwisho wa Septemba. Njiani matrekta yaliishiwa maji, na wanawake wa vijiji vya huko wakayabeba vichwani kuja kulisha boila. Boti zilifika Ziwa Tanganyika, na tarehe 26 Desemba mwaka ule ule zikaikamata meli ya Wajerumani, Kingani. Jina la kamanda, Spicer-Simson, linajulikana mpaka leo. Majina ya wale wanawake hayajulikani, na mimi jambo hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Sasa turudi kwenye picha yako, kwenye yale matairi.

Watu husimama barabarani wakastaajabia nguvu za kamioni. Nguvu si neno kubwa sana. Ukiwa na gia ya chini ya kutosha na uzito wa kutosha juu ya magurudumu yanayozunguka, utavuta karibu kila kitu, mradi usiwe na haraka. Ndiyo maana kamioni ya mbele haikubeba bidhaa. Mgongoni ilikuwa na sanduku lililojazwa vipande vya reli na saruji, ili matairi yake yaikamate barabara yasizunguke bure. Sisi tulikuwa na Magirus-Deutz, zile ambazo injini yake hupozwa kwa hewa, na tulizipenda kwa sababu hazikutudai maji porini.

Taabu yenyewe ni ardhi. Ardhi inabeba nini, na inabeba wapi? Chukua transfoma ya tani 82. Trela peke yake ina tani 38. Jumla tani 120. Trela ile ilikuwa na mistari 10 ya ekseli, kila mstari una matairi 8, kwa hiyo matairi 80. Gawanya: kila tairi linakanyaga kwa tani moja na nusu. Kamioni ya kawaida ikibeba tani 10 kwenye ekseli yenye matairi 4, kila tairi linakanyaga kwa tani mbili na nusu. Umeona? Huo mlima wa chuma, tairi kwa tairi, ulikuwa mwepesi kwa barabara kuliko kamioni ya mifuko ya unga.

Lakini hesabu hiyo ni kweli pale tu ambapo matairi yote yanabeba sawa, na barabara zetu hazikuwa sawa hata siku moja. Gurudumu likiingia kwenye shimo linaning'inia, na jirani zake wanabeba sehemu yake. Kwa ajili hiyo kila ekseli ilikaa juu ya silinda ya mafuta, na silinda ziliunganishwa kwa mabomba. Hii ikishuka, ile inapanda, mafuta yanahama, mzigo unagawanyika upya wenyewe. Silinda hizo tulizifunga katika mafungu matatu. Kwa nini matatu? Chukua kigoda cha miguu mitatu ukiweke popote uani, hakitikisiki. Cha miguu minne kitacheza mpaka ukitilie kijiti chini. Kila fungu lilikuwa na geji yake ya kuonyesha limebeba kiasi gani, na hizo geji nitazisimulia baadaye kidogo, maana siku moja zilituokoa.

Kamioni ya nyuma. Wengi hudhani iko pale kusukuma, na kweli kwenye mlima ilisukuma. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kushuka. Tani 120 zikianza kuteremka, breki za kamioni ya mbele peke yake zinapata moto, na breki iliyopata moto inateleza tu, unaikanyaga na hakuna kitu. Harufu yake nikiisikia hata leo moyo unashtuka. Kwa hiyo ya nyuma ilifungwa kwa mhimili wa chuma na kuuvuta mzigo kinyume, kwa breki ya injini, kama mtu anayemshika mwenzake shati. Hatari ilikuwa kupishana kwa mashofere wawili. Wa mbele akipunguza na wa nyuma akaendelea kusukuma, trela inakunjika katikati kama kiwiko. Hatukuwa na redio mwanzoni. Tulikuwa na filimbi, bendera, na mtu aliyetembea mahali ambapo mashofere wote wawili walimwona kwenye vioo vyao. Gia ilichaguliwa chini ya mlima, na baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kuibadilisha mpaka juu.

Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea. Kutoka hapa hadi Likasi ni kama kilomita 120 tu, lakini siku tano zilikuwa safari njema. Asubuhi tuliondoka ukungu ukiisha. Mchana tulisimama kupoza matairi, tukala bukari, yaani ugali, na samaki wa tompson, tukanywa pombe nyepesi ya munkoyo tuliyouziwa na wamama wa kando ya njia. Kazi ilifanywa kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, maana mvua za Novemba zikianza kingo za barabara zinalainika, na mzigo mrefu hauwezi kukimbilia popote.

Miezi kabla ya hapo, njia nzima ilikuwa imetembelewa kwa miguu. Nasema kwa miguu. Ukipita na gari huoni kitu. Mimi na wenzangu wawili tulitembea na kamba ya kupimia, fimbo ya urefu wa mzigo na daftari. Kila waya uliopita juu, kila kona, kila tawi la mti, kila bomba la maji lililopita chini. Palipokuwa na mashimo tulichimba udongo wa vichuguu, vile vikubwa vya Katanga vinavyozidi nyumba kimo, tukaumwagia maji na kuushindilia. Ukikauka unakuwa kama tofali. Sijaona dawa ya barabara ya udongo iliyoushinda.

Halafu madaraja. Kuna kijito kati ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mji huu ambacho daraja lake lilikuwa na boriti nne za chuma, mita 12 kutoka ukingo hadi ukingo. Michoro yake haikupatikana katika ofisi yoyote. Tulishuka chini tukapima unene wa boriti, tukazigonga kwa nyundo tukisikiliza, tukakwangua kutu pale boriti inapolala juu ya ukuta, maana maji hudondokea hapo na chuma huliwa kimyakimya. Mhandisi akapiga hesabu zake. Lakini hesabu ni ya chuma kipya, na hiki kilikuwa cha tangu wakati wa Wabelgiji. Kwa hiyo tulikiuliza chenyewe.

Tulifanya hivi. Katikati ya mto, chini ya kila boriti, tulisimamisha nguzo ya mti mkavu juu ya jiwe, ikabaki nafasi ndogo kati ya kichwa cha nguzo na boriti. Katika nafasi hiyo tulipanga sarafu za makuta, pesa ndogo za wakati ule, moja juu ya nyingine, mpaka zikajaa bila kubana. Tukahesabu, tukaziondoa. Kisha tukapitisha kamioni ya mchanga iliyopimwa kwenye mzani wa mgodi, tani 30, tukaisimamisha katikati. Mimi nilikuwa majini hadi kiunoni, sarafu mkononi. Boriti ilishuka kwa unene wa sarafu mbili. Kamioni ikatoka. Hapo ndipo penye jibu: zile sarafu mbili zinaingia tena? Ziliingia zote. Chuma kilikuwa kimejipinda na kurudi, kingali hai. Kama ingeingia moja tu, maana yake boriti imebaki imeinama, na tungeliacha daraja lile tukajenga kivuko cha mawe chini yake tukivuke kijito kiangazi kikiwa kimepungua.

Siku ya kuvuka, kamioni ya mbele ilipita kwanza peke yake, ikasimama ng'ambo na kuuvuta mzigo kwa winchi na kebo ndefu, ili uzito wake usiwe juu ya daraja pamoja na trela. Ya nyuma ilibaki huku ikishikilia kebo yake. Trela ilikuwa ndefu kuliko daraja, kwa hiyo mistari minane tu ya ekseli ilikuwa juu kwa wakati mmoja: tani 96. Katikati kabisa ya njia, bila kusimama, bila kuvuta kwa kishindo. Boriti zilishuka sarafu tano, na mhandisi alikuwa ameruhusu sita. Watu wa kabari wanne walivuka pamoja na trela, kwa miguu, wawili kila upande, kati ya matairi na ukingo. Hapakuwa na nafasi ya kupishana hata na mbuzi.

Lakini hizo tani 96 nusura zisiwe tani 96, na hapa nazirudia zile geji.

Karatasi tuliyopewa na waliotukabidhi mzigo iliandikwa tani 82, transfoma ikiwa haina mafuta. Ndivyo transfoma kubwa inavyosafirishwa: mafuta yanatolewa, masikio ya kaure ya juu yanafunguliwa, na ndani panajazwa naitrojeni kavu au hewa kavu ili unyevu usiingie kwenye karatasi zinazozifunika nyaya. Mafuta yanakuja kwa njia yake. Tulipoinua trela mara ya kwanza, nilisoma geji zote tatu. Zilikuwa juu ya kiasi nilichotarajia, karibu sehemu moja kwa sita. Nikadhani geji mbovu. Nikasoma tena baada ya kushusha na kuinua. Zikasema vile vile, zote tatu. Geji moja huweza kukosea. Tatu zikikubaliana, aliyekosea ni mwandishi wa karatasi.

Nikaenda kwa wakubwa, wakaniambia nisicheleweshe kazi. Nilikataa kutia saini. Siku ile nilidhani nimepoteza kazi, na nyumbani watoto walikuwa watano. Kesho yake fundi mmoja akapanda juu na kufungua kifuniko kidogo: mafuta yamejaa. Kama lita 20,000, yaani tani 18 hivi, hazikuandikwa popote. Tani 110 juu ya daraja badala ya 96. Tuliyatoa kwa pampu hadi kwenye mapipa 100 yaliyosafishwa, huku naitrojeni kutoka kwenye mitungi ikiingia juu taratibu kadiri mafuta yalivyoshuka. Siku mbili nzima. Geji zikarudi mahali pake. Wale waliotupa karatasi hawakuniomba radhi, wala mimi sikungoja. Tangu siku ile niliwafundisha vijana wangu wasome geji kabla ya kusoma karatasi.

Sasa nikupeleke mlimani, kwa baba yako.

Msafara ukipanda, kamioni ya mbele haiendi moja kwa moja hadi juu. Inasimama kupumua. Kila inaposimama, na kila inapotaka kusimama, magurudumu ya nyuma ya trela yanatiwa kabari. Mtu wa kabari hatembei na mikono mitupu akasubiri kuitwa. Anatembea na kabari yake inchi chache nyuma ya tairi, ameinama, saa nzima, jua la Oktoba mgongoni, moshi wa kamioni ya nyuma usoni. Kabari zetu zilikuwa za mti mgumu wa mulombwa au za taruma kuukuu, kama kilo 15 kila moja. Anasikiliza filimbi, lakini mzuri haisubiri filimbi. Anatazama tairi. Tairi linalopanda lina namna yake ya kubonyea mbele. Likitaka kurudi, bonyeo lile linalegea kwanza, kisha linahamia nyuma. Muda huo ni mfupi kuliko kupepesa jicho mara mbili. Mtu wa kabari aliyekomaa analiona kabla shofere hajahisi chochote.

Mwaka mmoja mvua ilituwahi. Ilikuwa mlima wa udongo mwekundu, tumebakiza kama mita 40 kufika juu, ikanyesha manyunyu ya dakika kumi tu. Udongo ule ukipata maji kidogo ni mbaya kuliko ukipata mengi, unakuwa sabuni. Matairi ya kamioni ya mbele yakaanza kuzunguka mahali pamoja. Shofere wa nyuma akaongeza kusukuma, klachi yake ikaungua, nikaona moshi mweupe. Mzigo ukaanza kurudi. Sikupata hata nafasi ya kupuliza filimbi. Nilipoiweka mdomoni, watu wangu wanne walikuwa wameshatupa kabari na kuruka pembeni. Trela ilirudi hatua mbili, ikazipanda kabari. Mbao zililia, sauti kama ya mti unaotaka kuanguka, na kabari moja ikapasuka. Tatu zikakaa. Halafu kimya. Nyuma ya kamioni ile ya nyuma, chini ya mlima, kulikuwa na kijiji, na watoto walikuwa wamejaa barabarani wakihesabu matairi.

Tulilala pale pale usiku huo, na siku mbili zaidi, tukatandika mataruma hadi juu.

Si wote waliotoka salama. Kijana mmoja wa kwetu aliacha vidole vitatu chini ya tairi, kwa sababu aliisukuma kabari kwa mkono badala ya kuitupa. Baada ya hapo niliamuru kila kabari iwe na kamba ya urefu wa mita mbili, iliyopitishwa kwenye tundu, ili iwekwe na kutolewa bila mkono kukaribia gurudumu. Siku hizi trela zinazokuja na vyombo vya migodi kutoka Durban, kupitia Chirundu na Kasumbalesa, zina mitambo inayopima uzito yenyewe na ekseli zinazoelekezwa kwa rimoti. Nimezitazama mara nyingi pale njiani, ni kazi nzuri sana. Na ubavuni mwa kila moja bado nimeona kabari zimening'inizwa.

Umeniuliza pia kama alikuwa shofere au la. Picha haipingi mliyoambiwa nyumbani. Katika misafara yangu hakuna kijana aliyegusa usukani wa mzigo mzito kabla ya kutembea na kabari kwa viangazi viwili. Shofere ambaye hajawahi kuwa pale chini hajui alichonacho nyuma yake, na sikumwamini. Nilimrudisha chini hata shofere mwenye miaka kumi ya barabara, na waliokuwa na akili walikubali. Waulize waliofanya kazi naye baadaye. Lakini kwa siku ile ya picha, kazi yake ilikuwa kabari, na hiyo ni kazi kamili.

Kuna jambo moja ambalo picha yenyewe inaweza kukuambia kuliko mimi. Chukua kioo cha kukuzia, tafuta ile kamba. Ukiiona, ifuate hadi mkononi mwake. Wageni wa kazi waliizungusha kifundoni ili isiwaponyoke, na sisi tuliwagombeza kila siku, kwa sababu gurudumu likiimeza kabari litamvuta na mwenye mkono. Aliyefundishwa vizuri aliiacha ilale wazi kiganjani, vidole vimeishika kidogo tu, tayari kuiachilia. Angalia pia miguu yake: wa nyuma unatakiwa uwe umeelekea nje ya barabara, upande wa kurukia. Mwite na mjomba wako, mtazame pamoja.